Ushahidi wa Chuma: Namba za Injini Kongwe, kutoka Kamanga

Wahenga wetu wa pwani walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwa na magari walipounga msemo huo, lakini atakayesimama gatini Kamanga, mjini Mwanza, akayatazama magari yakipanda na kushuka kivukoni, ataona kuwa msemo wenyewe unaihusu hata injini. Kamanga ni jina la gati hilo la mjini, na pia ni jina la kijiji kilicho ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, wilayani Sengerema. Baina ya Kamanga mbili hizo pana maji. Kabla ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwaka 2025, gari lililotaka kuivuka ghuba hii halikuwa na njia isipokuwa kupanda kivuko, pale Kamanga au huko Kigongo. Land Rover za miaka ya 1960, malori ya pamba, magari ya misheni na ya serikali, yote yalisubiri zamu yake mbele ya maji.

Gari kuukuu likiuzwa katika mwambao kama huu, mnunuzi huuliza swali moja kabla ya mengine: je, hili ndilo lile linalosemwa? Muuzaji ana maneno, kadi ya gari ina maandishi, na chuma chenyewe kina namba. Makala haya yanazungumzia namba hizo: namna zilivyoandikwa, namna zinavyosomwa, na sababu ya mpenzi wa tungo aliye kisiwani kuona kuwa zinamhusu.

Injini ya kale ina maandishi ya namna mbili, na asiyeyatofautisha hupotea tangu mwanzo. Namna ya kwanza ni maandishi ya kusubiwa. Kielelezo cha mbao au cha chuma hukandamizwa mchangani ili kiache umbo la bloki, kisha chuma kilichoyeyushwa humiminwa katika kalibu hiyo. Kielelezo kikiwa na herufi, chuma kikipoa herufi hutokea zimevimba, na uso wake hukwaruza kidole kwa chembechembe zilizoachwa na mchanga. Namba ya namna hii si ya injini moja. Ni ya umbo, na kila bloki iliyotoka katika kalibu za aina ile huwa nayo, ziwe mia au laki.

Namna ya pili ni maandishi ya kugongwa. Bloki ikishachongwa na kusawazishwa, huchukuliwa muhuri wa chuma kigumu ukagongwa kwa nyundo au kwa mashine juu ya sehemu iliyolainishwa. Namba hii huzama ndani ya chuma badala ya kuvimba, na ni ya injini ile peke yake. Ndiyo inayoandikwa katika kadi ya gari, na ndiyo askari wa usalama barabarani anayoitafuta anapofunua boneti.

Msomaji wa mashairi atalielewa jambo hili upesi. Mizani kumi na sita katika kila mshororo, mishororo minne katika kila beti, vina vya kati na vya mwisho: hiyo ndiyo kalibu. Maelfu ya tungo zimetoka humo, na kwa kuhesabu mizani peke yake hatuwezi kumjua aliyetunga. Lakini watunzi wetu wa kale walikuwa na ada. Walipokaribia tamati walitaja jina, au nasaba, au mji, na pengine tarehe ya kumaliza kazi. Hapo walikuwa wakigonga muhuri. Anayeihakiki hati ya utenzi huangalia yote mawili, umbo la bahari na jina lililotajwa, kisha akatazama kama yanapatana na karatasi, na wino, na mwandiko wa aliyenakili. Mhakiki wa injini hufanya kazi iyo hiyo, ila yeye huanza kwa brashi ya waya na mafuta ya taa.

Tuchukue mfano wa Land Rover, gari lililozoeleka sana katika njia za vumbi za Kanda ya Ziwa. Lilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, likiundwa Solihull, Uingereza. Toleo lililoitwa Series IIA liliundwa kuanzia 1961 hadi 1971, yaani muongo ule ule ambao Tanganyika ilipata uhuru, Zanzibar ikafanya mapinduzi, nchi mbili zikaungana, na Azimio la Arusha likatangazwa. Namba ya chasisi ya gari hilo imegongwa upande wa mbele kulia, kwenye mkono wa chasisi unaoshika springi. Tarakimu zake tatu za mwanzo ni mithili ya anwani. Gari fupi la petroli, la inchi 88 kati ya ekseli na ekseli, likiwa na usukani wa kulia na likiwa limekusudiwa kuuzwa Uingereza, lilianza na 241. Gari la namna hiyo lililotumwa nchi za nje likiwa zima lilianza na 242. Lililotumwa likiwa vipande, likaungwe huko liendako, lilianza na 243. Zile za usukani wa kushoto zilipewa 244 na 245. Gari refu la inchi 109 lilifuata mpango huo huo kuanzia 251. Baada ya tarakimu tatu hizo hufuata tano za zamu ya gari, na mwishoni herufi inayomwambia fundi kwamba kiwanda kimebadili sehemu fulani, asije akaagiza kipuri kisichoingia.

Basi mtu akiosha tope na grisi kwenye chuma hicho, akakuta 253, amekwishajua kitu ambacho muuzaji pengine hakijui: gari lile ni refu, ni la petroli, usukani wake ulikuwa kulia tangu mwanzo, na lilitoka Solihull likiwa vipande ndani ya makasha.

Kusafiri kwa vipande si jambo geni katika Ziwa Victoria. Ziwa hili liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapana mto unaoweza kulipandisha jahazi kubwa kutoka pwani hadi huko. Kwa hiyo meli zake za kwanza za mvuke zilipanda nchi kavu. Meli iliyoitwa William Mackinnon iliundwa na kampuni ya Bow, McLachlan ya Paisley, huko Uskoti. Vipande vyake vilifikishwa Mombasa katika miaka ya 1890, vikapelekwa bara kwa reli iliyokuwa bado inajengwa, na mbele ya reli vikabebwa na wapagazi. Ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, kabla ya reli yenyewe kufika ziwani mwishoni mwa 1901. Baadaye zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga na Rusinga. Hata Victoria, meli ambayo watu wa Mwanza na Bukoba wameizoea kwa zaidi ya nusu karne, iliundwa na Yarrow wa Glasgow, ikasafirishwa kwa vipande, ikaungwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961.

Meli za namna hiyo ziliungwa kwanza kiwandani kwa bolti ili kuhakikisha kila kitu kinakaa mahali pake. Kila bamba na kila ubavu ukatiwa alama. Kisha meli ikafunguliwa, ikafungwa makashani, na huko iendako mafundi wakaiunga upya wakizifuata alama zile. Hapo tunaijua kazi ya awali ya namba juu ya chuma. Kabla ya kuwa mtego wa wezi, ilikuwa ni barua. Fundi wa Paisley alimwandikia fundi wa Kisumu, mtu ambaye hatamwona maishani, kwamba kipande hiki ni cha kushoto, cha kumi na saba kutoka mbele, wala hakiwezi kukaa penginepo. Barua ikisomeka vibaya, maji huingia.

Injini ya gari ni barua ya namna hiyo, na ina waandikaji zaidi ya mmoja. Wa kwanza ni mfanyakazi wa kiwanda cha kusubu, aliyeacha namba ya kalibu na mara nyingi tarehe ya kumimina. Wa pili ni fundi aliyeiunga injini na kuigonga namba yake. Wa tatu ni karani aliyeandika daftarini kwamba injini fulani imewekwa katika chasisi fulani, rangi yake ni hii, na bandari iendako ni ile. Watu hao watatu hawakukaa pamoja kupanga maneno. Ndiyo maana maneno yao yakipatana huwa na uzito. Sisi tuliokulia karibu na barza za makadhi tunajua kwamba shahidi mmoja hatoshi. Chuma nacho kina kanuni hiyo.

Waamerika wanaopenda magari ya kale wameifanya kanuni hiyo kuwa elimu pana. Katika bloki nyingi za Chevrolet za miaka ya 1950 na 1960, tarehe ya kumimina iliandikwa kwa herufi ya mwezi, kuanzia A kwa Januari, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. C 14 7 ni tarehe 14 Machi ya mwaka unaoishia na saba. Kwingineko katika injini hiyo imegongwa alama ya kiwanda cha kuunga pamoja na mwezi na siku ya kuiunga. Ikiwa bloki ilimiminwa tarehe 14 Machi, ikaungwa kuwa injini tarehe 22, hadithi inakwenda. Ikiwa alama ya kuunga inasema tarehe 2 Machi, basi injini iliungwa kabla haijazaliwa, na mnunuzi ana haki ya kurudisha fedha zake mfukoni.

Volkswagen yenye umbo la kobe, iliyovuma Afrika Mashariki tangu mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, ina ushahidi wa namna yake. Namba ya chasisi imegongwa chini ya kiti cha nyuma. Namba ya injini imegongwa kwenye mwili wa injini, chini ya kiguzo kinachobeba dainamo. Lakini mwili huo umegawanyika nusu mbili, na nusu hizo huchongwa na kutobolewa zikiwa zimeshikana, ndipo zikatiwa alama moja inayofanana. Mtu akizikuta alama mbili zinazotofautiana, anajua kwamba nusu hizo zimeozeshwa ukubwani, na hatashangaa injini ikivuja mafuta.

Katika Land Rover za Series IIA jambo hili linataka hadhari zaidi. Namba ya injini ina mfululizo wake, tofauti na ule wa chasisi. Kwa hiyo tunaposema namba zimelingana, hatuna maana kwamba zinafanana kwa macho. Tuna maana kwamba daftari la kiwanda linasema injini hii na chasisi hii zilitoka langoni siku moja. Madaftari hayo yamehifadhiwa Gaydon, Uingereza, katika makumbusho ya magari ya nchi hiyo, na mwenye gari anaweza kuomba hati ya kuthibitisha.

Kanda ya Ziwa yenyewe ina mfano mkubwa kuliko magari wa mashahidi wawili kukutana juu ya chuma. Katuruka, mkoani Kagera, pana mahali ambapo wazee wa Kihaya walipaita Kaiija, jina linalohusu kufua chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee hao, akachimba, na mkaa uliopatikana ulionyesha kuwa chuma kiliyeyushwa pale zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Ulimi ulisema lake, na ardhi ikasema lake, kila mmoja kwa njia yake. Wazee hawakuwa na maabara, wala mkaa haukujua Kihaya.

Mghushi anapoingia kazini, shabaha yake ni kuwafanya mashahidi wote waseme maneno yake. Huchukua tupa au jiwe la kusagia, akaiondoa namba ya zamani, akagonga mpya. Kinachomfichua kwanza ni uso wenyewe. Mashine ya kiwandani iliyosawazisha sehemu ile iliacha mistari myembamba iliyonyooka kuelekea upande mmoja. Tupa huifuta mistari hiyo, au huacha mikwaruzo inayokwenda ovyo. Kinachofuata ni herufi. Kiwanda kina mihuri yake, yenye umbo lake la 3 na la 7, na kina chake cha kuzama, na nafasi yake kati ya tarakimu na tarakimu. Namba ya mghushi aghalabu hupanda na kushuka kama mwandiko wa mtoto, au huwa imenyooka mno pale ambapo fundi wa kiwanda alikuwa akigonga moja moja kwa mkono.

Na hata mghushi akiwa hodari, chuma kina kumbukumbu chini ya ngozi. Muhuri unapogonga, hausukumi uso peke yake. Hubana chembe za chuma zilizo chini ya kila tarakimu. Ukiisaga tarakimu mpaka isionekane, chembe zilizobanwa hubaki, na mtaalamu akipaka tindikali iliyochanganywa kwa kipimo, sehemu hizo hulika tofauti na jirani zake, na mara nyingi namba iliyozikwa huonekana tena kwa muda kama kivuli. Uchunguzi wa polisi duniani kote hutumia njia hiyo. Njia ya mwongo, kwa chuma, huwa na urefu wa milimita chache.

Hapa ndipo penye dhara ya kweli. Mtu aliyeuza ng'ombe, au aliyeweka akiba ya dagaa kwa miaka kadhaa, ananunua gari lenye namba ya kughushi. Siku moja gari linakaguliwa, linazuiwa, na yeye anabaki na kadi mkononi isiyomsaidia kitu. Lakini ipo dhara nyingine isiyopigiwa kelele, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Wapenzi wa magari wa Ulaya na Marekani hulipa zaidi gari ambalo injini yake ni ile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa mizani yao, Land Rover nyingi za mwambao wa Mwanza zimeharibika, kwa sababu injini zake zilikwisha kubadilishwa zamani. Tuulize zilibadilishwa lini na kwa nini. Zilikuja kufanya kazi katika nchi ya pamba, ambako vyama vya ushirika viliungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Zikabeba wauguzi, mabwana shamba na masanduku ya kura. Kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na baada yake miaka ya uhaba ambayo kipuri kilikuwa adimu kama sabuni. Mafundi wakafanya walichoweza. Injini ya dizeli ya Kijapani ikaingia katika mwili wa Kiingereza, kishikio kikachomelewa, gari likaondoka. Daftari la Gaydon linajua siku ambayo gari lilitoka langoni. Halijui lolote juu ya miaka arubaini iliyofuata. Miaka hiyo imeandikwa katika namba zisizolingana.

Kwa hiyo anapokuja mnunuzi wa mbali atakaye namba zilingane, na fundi akashawishika kugonga namba ya zamani juu ya bloki ngeni, mambo mawili hufanyika kwa nyundo moja. Mnunuzi huibiwa fedha, na sisi huibiwa historia ya jinsi watu wetu walivyoivuka miaka ya dhiki.

Badiliko lenyewe halina aibu. Meli ya Liemba katika Ziwa Tanganyika iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma kwa vipande na kushushwa majini 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, huku mitambo yake ikiwa imepakwa grisi nzito ili isioze. Iliinuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina jipya, na katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke ikatolewa, ikawekwa ya dizeli. Hakuna aliyesema kwamba si Liemba tena. Haikubadilishwa kwa siri, na kila badiliko lina mwaka wake.

Wasomaji wa Unguja wanao mfano wa karibu zaidi. Mizinga ya shaba iliyolinda mlango wa Beit al-Ajaib kwa miaka mingi ilibeba alama za Ureno pamoja na maandishi ya Kiajemi. Aliyeiteka hakuchukua tupa akaufuta ufalme uliotangulia. Aliongeza maneno yake kando, na kwa hivyo shaba moja ikawa na habari za dola mbili. Fundi wa Mwanza anayebadili injini kwa uaminifu, akaenda kuiandikisha namba mpya katika kadi na kuiacha ile ya chasisi kama ilivyo, anafuata ada hiyo hiyo.

Magari haya sasa yanapungua. Yanayoharibika hukatwa kwa gesi na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na kipande cha chasisi chenye namba huingia tanuruni pamoja na vingine. Tumewahi kuona yaliyozipata hati za tenzi zilizoachwa kwa mchwa: vizazi vilivyofuata vilibaki kubishana juu ya majina ya watunzi. Tusingoje yatokee hayo kwa upande wa chuma. Mwenye gari kuukuu, kabla ya kulipaka rangi, kulikata au kuliuza, na asafishe mahali penye namba, aweke juu yake karatasi nyembamba, na asugue kwa penseli mpaka tarakimu zijitokeze. Chini ya karatasi hiyo na aandike namba ya kalibu, namba ya injini, namba ya chasisi, jina la aliyemuuzia, kazi ambazo gari limefanya, na mwaka ambao injini ilibadilishwa. Namba zisipolingana, na aandike kwamba hazilingani, na sababu yake, kama anaijua. Karatasi hiyo na ikae pamoja na kadi ya gari, na nakala yake apewe mtoto ajuaye kusoma.